Mwacheni mzee ashike jembe lake

"Mama, kaa. Mama, pumzika. Mama, acha hiyo, dada ataosha."

Karibu mwaka mzima nilikuwa nikimwambia mama yangu maneno hayo, nikiamini ndiyo mapenzi. Baba alipofariki tulimtoa Lushoto tukamleta kwangu Dar es Salaam, akiwa na miaka 71. Kwao alikuwa akipanda na kushuka milima na jembe begani, apalilie maharage, akate majani ya ng'ombe, jioni arudi na kuni. Huku tukampa kochi na televisheni. Hata chai ilimfuata pale alipokaa.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kumwona akitaka kuinuka anashika mkono wa kochi kwa mikono yote miwili. Anajivuta, anarudi chini, anavuta pumzi, anajivuta tena. Mtu aliyekuwa akipanda mlima na ndoo ya maji kichwani! Nikasema basi, uzee huo umeshaingia. Kumbe ni sisi wenyewe tuliomkalisha.

Daktari alimpima, hakuona ugonjwa wa kutisha. Akaniuliza, "Mama anashinda akifanya nini?" Nikajibu kwa fahari kwamba hafanyi kitu, anapumzika. Akasema, "Basi ndicho kinachomuumiza."

Nimesoma sana tangu siku ile. Nyama za mwili zisipotumika hunywea, na za mzee hunywea upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu: kila mmoja, kwa wastani, alipoteza karibu kilo moja ya nyama za miguu. Siku 10! Mama alikaa kwenye kochi karibu mwaka. Miguu ikilegea mzee huanguka, na akivunjika nyonga, wengi hawarudi tena kutembea kama zamani. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye mambo ya kuwapa nguvu na kuwafanya wasiyumbe. Hayo yote kwenye shamba la Lushoto yalikuwemo, bila mtu kuyaita mazoezi.

Sisemi wazee watwikwe mizigo. Wapo bibi wengi vijijini wanaolea wajukuu peke yao na kuchota maji mbali, na hao wanastahili kusaidiwa, tena jana. Ninaowasema ni wale tuliowanyang'anya kazi walizozipenda kwa jina la heshima. Na wastaafu pia: mtu anafika 60, anapokea kiinua mgongo, kesho yake anahamia kwenye kiti cha barazani na haondoki. Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye umri wake hakuna aliyeujua sawasawa, alipopewa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa bado anaimba na kupiga ngoma mbele za watu. Nani angethubutu kumwambia akae?

Tulimpa mama kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, upana wa chumba kimoja. Wiki ya kwanza alipalilia akiwa ameketi kwenye kigoda, akichoka tunamshika mkono. Leo kuna matuta manne, mawili ya mchicha na mawili ya matembele. Anachuchumaa, anang'oa, anakung'uta udongo kwenye mizizi, anafunga mafungu kwa ukambaa. Majirani wanakuja kununua na kukaa kuzungumza naye, naye usiku siku hizi analala. Goti la kushoto bado linamsumbua asubuhi, lakini akishatembea kidogo linaachia.

Jana nilimkuta anabeba ndoo ndogo ya kumwagilia, mkono ukaenda wenyewe kumpokea. Akaishikilia.

"Mwanangu, hii niache nayo. Kama unataka kusaidia, lete ya kwako."

Nikaenda kuleta ya kwangu.