Mzuka wa Cincinnati na Kinu cha Malindi

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiishi Cincinnati, katika jimbo la Ohio, na karibu kila siku huvuka daraja la Mto Ohio kwenda kazini upande wa Kentucky. Mnamo Januari 1856 mto huu ulikuwa umeganda kuwa barafu, na mwanamke mtumwa aitwaye Margaret Garner aliuvuka kwa miguu usiku akitoroka Kentucky pamoja na mumewe na watoto wao. Ohio haikuwa na utumwa, lakini sheria ya mwaka 1850 iliwaruhusu mabwana kuwafuata watoro wao hadi huku. Nyumba walimojificha ilipozingirwa, Margaret alimwua binti yake mdogo asije akarudishwa utumwani. Mabishano yaliyofuata yalihusu jambo moja la ajabu: je, ashtakiwe kwa kuua, ambapo angehesabiwa kuwa mtu, au arudishwe kwa bwana wake kama mali iliyopotea? Alirudishwa.

Mwandishi Mmarekani Toni Morrison alipokichukua kisa hicho mwaka 1987 na kukigeuza kuwa riwaya ya Beloved, aliandika mzuka. Mtoto aliyeuawa anaisumbua nyumba ya mamake, kisha anakuja mwenyewe katika umbo la msichana mzima, anaketi, anaomba maji, na hashibi. Niliisoma kwa mara ya kwanza katika chumba cha kupanga, mwezi wa pili, theluji ikigonga dirisha, na niliyemkumbuka si Mmarekani yeyote bali bibi yangu.

Maana sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa mambo ya mizuka. Nyuma ya mji wetu wa Malindi, njia ya kwenda Ganda, palikuwa na shamba la miembe mikongwe ambalo watoto tulikatazwa kulikaribia baada ya magharibi. Bibi alisema kwamba ukipita pale usiku utasikia kinu kikitwangwa, mchi ukipanda na kushuka polepole kama wa mtu aliyechoka, na ukienda kutazama hukuti kinu wala mtwangaji. Siku moja nilimwuliza ni nani anayetwanga. Alikuwa akipepeta mchele, uteo juu ya mapaja, na hakuinua macho. Akasema, "Watu wa shamba," akaendelea kupepeta.

Nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba neno hilo lilikuwa limefunika jambo zima. Malindi, iliyokuwa karibu magofu matupu, ilihuishwa chini ya Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na mashamba yake ya mtama na ufuta yakapakia majahazi hadi Uarabuni. Waliolima na kuvuna walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa upande wa Nyasa, waliopewa majina mapya kama Mabruki na Feruzi kana kwamba hawakuwahi kuitwa kitu kingine. Wengine walitoroka wakaingia nchi ya Wagiriama na kujenga makazi yao wenyewe kama Fuladoyo. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, fidia walilipwa mabwana, na sheria ya hatimiliki ya mwaka uliofuata iliwafaa walioweza kuthibitisha madai yao mbele ya serikali. Mtu aliyelima shamba la mwenziwe maisha yake yote alikuwa na nini cha kuthibitisha? Wajukuu wake, pamoja na Wamijikenda wengi, ndio hawa tunaowaita maskwota hadi leo, watu wanaokaa kwenye ardhi wasiyo na hati yake.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya huku na kwetu. Huku, kando ya mto, yamo makumbusho ambamo limewekwa jengo halisi la magogo lililotumiwa kuwafungia watumwa Kentucky, na wanafunzi huingia ndani yake wakiwa na walimu wao. Sisemi kwamba Wamarekani wamesafisha nyumba yao. Wapo wazazi wanaotaka riwaya hiyo hiyo iondolewe shuleni, na mjini New Orleans watalii hulipa ili wasimame usiku mbele ya nyumba isemwayo kuwa na mizuka, ambamo moto wa mwaka 1834 ulifichua watumwa waliokuwa wakiteswa, wakasisimkwa kidogo, kisha wakaenda kula. Mzuka wa kuuziwa tiketi haufichui chochote. Hata hivyo, mwandishi wa huku anaweza kumwuliza mzuka jina lake, nasi wetu tumemhifadhi vizuri sana bila kumwuliza.

Nilipomweleza khala yangu kwa simu kwamba natamani mtu wetu aandike riwaya ya kinu kile, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, watu wameshaoana. Unataka wachumbiane huku wakichunguzana?" Sikumpuuza, kwa sababu asili ya mtu kwetu bado ni silaha, na nimewahi kuona posa ikivunjika kwa neno moja lililonong'onwa barazani. Lakini nadhani hofu yake ndiyo hoja yangu. Mwanahistoria atalazimika kutaja ukoo na shamba la fulani, na wenye ukoo watafunga mlango. Mtunzi anaweza kumleta mwanamke aliyekufa, akamketisha jikoni kwa watu wa kubuni, akamwacha atwange mpaka wenye nyumba wamwulize anatwanga mtama wa nani, na asimvunjie heshima mtu aliye hai. Tena mzuka hadaiwi hati, jambo lenye uzito kwa watu ambao karatasi zilizobaki juu yao ziliandikwa na waliowamiliki.

Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani nilikwenda kuliangalia shamba. Limekatwa viwanja, na mahali pa miembe pana nyumba ya kitalii yenye ukuta mrefu na bougainvillea. Askari wa lango, kijana wa huko huko Ganda, alinikaribisha kwenye benchi lake. Nikamwuliza kama husikia kinu. Akasema hukisikia, hasa upepo ukitulia. Nikamwuliza ni nani anayetwanga. Akanitazama kwa muda, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.