Sikuoga supu jamani

Kwanza kabisa, ile status ya yule mshkaji wangu, eti nimeoga supu uchi uani, ifutwe. Sikuoga supu. Nilijifukizia supu. Hivyo ni vitu viwili tofauti na naomba tofauti hiyo iheshimiwe. Pia sikuwa uchi. Nilikuwa na bukta.

Hali mnaijua, Aprili hii ya 2020. Tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe tarehe 16 Machi, uani kwetu hapa Mabibo, Dar, pamekuwa kliniki. Ndoo ya koki mlangoni, kipande cha sabuni kimefungwa kamba kisiibiwe, na watoto ambao shule zimefungwa hawana kazi nyingine zaidi ya kutangaza nani kapita bila kunawa. Na kila chumba kina nyungu yake, chombo cha majani ya moto ya kujifukizia. Mama yangu, yuko Tanga, anapiga simu asubuhi na jioni: "Mwanangu, umejifukiza?" Hata salamu siku hizi hamna.

Basi Jumamosi, katikati ya zile siku tatu za maombi ya taifa dhidi ya korona, nikasema leo namtii mama. Mwarobaini nimechuma, mchaichai nimepewa, majani ya mpera, limau, kitunguu swaumu, na tangawizi ambayo sasa hivi unainunua huku unaiomba msamaha. Tatizo chombo. Mimi bachela, nina sufuria ya ugali na sufuria ya chai, na ni hiyohiyo moja. Nikaazima kwa jirani yangu Mama Supu, anayeuza makongoro pale barazani. Ana masufuria mawili makubwa, kulwa na doto, mpaka mifuniko imebonyea upande mmoja. Shikeni hapo.

Saa kumi na moja alfajiri umeme hakuna, simu haina chaji. Majiko mawili ya mkaa yamekaa jirani, langu na lake. Yeye kaenda kufuata chapati. Nikapapasa, nikashika sufuria kwa tambara, huyo mpaka pembeni ya ukuta. Nikakaa kwenye kigoda, nikajigubika blanketi, nikafunua.

Wee! Mvuke ulinipokea kama mkwe. Tangawizi ipo. Limau lipo. Swaumu ipo. Nikasema naam, dawa imekolea. Palikuwa na kaharufu ka ng'ombe kwa mbali, nikajua ni blanketi. (Msicheke, na nyie mfue ya kwenu.)

Mama alisema fungua mdomo, vuta ndani kwa nguvu. Nikafungua. Nikavuta. Sasa mimi sikuweka pilipili. Kumbe Mama Supu huwa anaweka, tena pilipili kichaa, na haweki moja. Ikapita kooni, ikapumzika kidogo, halafu ikawasha taa zote. Nikajizuia, maana kukohoa Aprili hii hata ndani ya daladala ya levo siti, ile ya abiria wote kukaa, utaachiwa gari. Nikabana pua, nikabana mdomo, nikabana mpaka magoti.

Nikakohoa.

Huko nje nikasikia viti vya plastiki vinasogezwa. Kumbe wateja wameshakaa. Mtu akasema, "Pigeni 199, namba ya korona." Mimi humo gizani machozi yanatoka, kamasi zinatoka, na jasho limejipanga kwenye ncha ya pua. Tone la kwanza likaanguka. Nililisikia: tii. La pili, tii. Ndipo nikafumbua macho. Kumeshaanza kupambazuka, mwanga unapenya kwenye tundu la blanketi, na katikati ya sufuria kongoro limeibuka, kwato juu, limetulia, kama linaningoja nianze mimi kujieleza.

Wakati huohuo nikamsikia babu wa chumba cha mwisho, mteja wa kwanza kila siku, akisema taratibu, "Mama, leo supu chungu kidogo." Kimya. Mfuniko ukalia. "Nani kajaza majani kwenye supu yangu?"

Nikatulia. Nilitegemea nitaonekana kama mzigo. Lakini kuna yule mtoto wa Mama Supu, wa darasa la pili.

"Mama, supu iko kwa anko. Ameivaa."

Blanketi likavutwa. Wateja sita, bakuli mkononi, barakoa kidevuni. Nikasema, "Shikamoo Mama." Hakuitikia.

Nimelipa sufuria nzima, kwato na kila kitu. Babu kasema kifua kimefunguka, kaomba bakuli la pili la mwarobaini. Paka wa baba mwenye nyumba ananifuata mpaka chooni. Supu nimeila siku mbili, na msinitazame hivyo, jasho ni langu mwenyewe.

Jioni mama akapiga. "Umejifukiza?" Nimejifukiza mama. "Vizuri mwanangu. Uliweka nini na nini?"

Mtandao ukakata. Yaani niliukata.