Hesabu za mashirika yetu zianze kusomwa kijijini

Kila mara Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania inapoguswa, sisi tunaofanya kazi kwenye asasi za kiraia hupaza sauti, na mara nyingi tunakuwa na haki. Kanuni za mwaka 2018 zililitaka shirika lililopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze fedha hizo hadharani, na mikataba na wafadhili ifikishwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika haya ndani ya siku 10. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Juni, marekebisho mengine yalipitishwa bungeni kwa hati ya dharura. Wadau walipata siku chache tu za kuyasoma na kutoa maoni, na yalipopita, mashirika mengi yaliyosajiliwa kama kampuni au chini ya Sheria ya Vyama yalianza kuhangaikia usajili mpya. Haikuwa njia njema ya kutunga sheria. Nilisema hivyo wakati ule na bado nasema.

Lakini liko jambo moja tunalolikwepa kwenye mikutano yetu wenyewe. Tunaomba serikali ituachie tujisimamie, na tukiulizwa tunajisimamiaje, tunatoa kijitabu cha kanuni za maadili.

Nafasi ya kujisimamia tulipewa zamani. Sheria Na. 24 ya 2002, inayohusu Tanzania Bara, ilianzisha Baraza la Taifa la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, lile tunaloliita NaCoNGO, lenye wajumbe 30 kutoka kwenye mashirika yenyewe. Kazi yake mojawapo ni kuandaa kanuni za maadili na kuhakikisha tunazifuata. Kanuni hizo zipo tangu 2008. Zinazungumzia uwazi, uwajibikaji na matumizi bora ya fedha. Nimefanya kazi na wanavikundi, wenyeviti wa vitongoji na watendaji wa vijiji, na sijakutana na hata mmoja aliyeniambia kwamba anajua aende wapi shirika likimkosea. Malalamiko yao huishia kwa mtendaji wa kata au kwa mkuu wa wilaya. Halafu mkuu wa wilaya akichukua hatua, tunasema serikali inatuingilia.

Nieleze kitu kimoja ambacho kila aliyewahi kuhudhuria semina ya mradi anakijua. Mwisho wa siku karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Ina safu ya jina, kijiji, namba ya simu, kiasi na sahihi. Safu ya kiasi iko wazi, na mshiriki anaambiwa asaini tu, mengine yatajazwa ofisini. Mama aliyetoka kitongoji cha mbali anasaini, anapewa nauli na posho, anawahi gari kabla giza halijaingia. Kesho yake ofisini kiasi kinaandikwa, na si lazima kiwe kile alichopewa. Mkaguzi wa hesabu akija anakuta karatasi ipo, sahihi ipo, jumla inalingana na bajeti. Mfadhili anapokea ripoti safi, na Msajili anapokea ripoti ya mwaka iliyokaguliwa. Mtu pekee mwenye ushahidi ni yule mama, na hakuna anayemuuliza.

Ndiyo maana siamini kwamba kuongeza ripoti za kupeleka Dodoma kutamaliza tatizo hili. Siamini pia kwamba baraza la viongozi wa mashirika, likikaa lenyewe kwa lenyewe, litalimaliza. Wizi wa aina hii unaonekana kutoka chini tu.

Serikali ya kijiji, pamoja na udhaifu wake wote, inatakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kuyabandika kwenye mbao za matangazo. Inapokwepa, wananchi wanajua kwamba imekwepa na wana pa kuuliza. Shirika linaloendesha mradi katika kijiji hichohicho, pengine kwa fedha nyingi kuliko mapato yote ya kijiji, linasimamisha kibao barabarani chenye jina la mradi na nembo za wafadhili. Kiasi cha fedha hakimo. Mwanakijiji anayetaka kukijua anaonekana mkorofi, au anaambiwa bajeti ni siri kati ya shirika na mfadhili. Hapo tumekubali kuwa wazi pungufu ya mwenyekiti wa kijiji ambaye sisi wenyewe tunamfundisha utawala bora.

Kuna tatizo jingine ndani ya sheria yenyewe. Inakataza mtu au chombo kingine chochote kufanya, au kudai kufanya, kazi ambayo Baraza limepewa. Maana yake Baraza likilala, kujisimamia kote kunalala. Wenzetu wa Kenya walilipitia hili: sheria yao ya 1990 iliunda baraza moja la mashirika, likaja kudhoofishwa na migogoro ya uongozi. Sheria yao mpya ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilisainiwa Januari 2013 na kuanza kutumika Mei 14, 2024, baada ya miaka 11 ya kusubiri. Inaruhusu majukwaa ya mashirika kutambuliwa kwa kazi ya kujisimamia, bila kulazimisha kila kitu kipite kwenye mlango mmoja. Nasi tunapaswa kukiondoa kifungu kile. Mashirika ya afya, ya wafugaji, ya watu wenye ulemavu yawe na uhuru wa kuwekeana viwango na kukaguana.

Mfano unaonivutia zaidi uko Ufilipino. Tangu 1997 wana baraza lililoundwa na mashirika yenyewe linalotoa ithibati. Shirika likiomba, linatembelewa na watu wa mashirika mengine, wanaoijua kazi na wanaojua mahali pa kuchungulia. Litakalothibitishwa linapata nafasi ya kutambuliwa na mamlaka ya kodi, na wanaolichangia wanapata nafuu. Hakuna anayelazimishwa, ila asiyekaguliwa anakosa kitu cha thamani. Uganda nao walianzisha ithibati yao ya hiari mwaka 2006, lakini bila faida kubwa kama hiyo nyuma yake, hiari inabaki ya wale ambao tayari ni waaminifu.

Hapa kwetu usajili wa NGO peke yake haukupi msamaha wa kodi ya mapato. Ni lazima Mamlaka ya Mapato, TRA, ikutambue kama taasisi ya hisani, na wengi wanajua safari hiyo ilivyo ndefu. Ukaguzi wa mashirika kwa mashirika ungeweza kuwa sehemu ya ushahidi ambao TRA inaupokea. Hapo mashirika yale ya mfukoni, ambayo mwanzilishi ndiye mkurugenzi na shemeji yake ndiye mwenyekiti wa bodi, yangepata sababu ya kubadilika au yangekaa pembeni yenyewe.

Najua hofu iliyopo. Shirika linalosema mambo yasiyopendwa na wakubwa linaogopa kwamba likifungua vitabu vyake, taarifa hizo zitatumiwa kulibana. Hofu hiyo ina msingi. Tangu 2019 Msajili anaweza kulisimamisha shirika wakati uamuzi wa Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali unasubiriwa, na mamlaka hayo yanahitaji ukomo wa muda na njia ya haraka ya rufaa. Tuendelee kulidai hilo. Ila shirika ambalo wanakijiji wanajua limepata kiasi gani na limetumiaje lina watu wa kulitetea. Lililojificha halina.

Kwa hiyo ombi langu kwa Baraza ni dogo na linaweza kuanza bila kusubiri Bunge. Ongezeni kifungu kwenye kanuni za maadili: kila mradi ubandike kwenye ofisi ya kijiji karatasi moja ya Kiswahili yenye jumla ya fedha za mradi, sehemu iliyopangwa kwa kijiji hicho, viwango vya posho na nauli, na namba ya simu ya mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mwajiriwa wa shirika husika. Safu ya kiasi ijazwe kabla mshiriki hajasaini. Na mfadhili ambaye mkataba wake unakataza kiasi kutajwa kijijini atakiwe kueleza sababu kwa maandishi, na barua yake ibandikwe hapohapo.