Lami mpaka Amani: tunaulinda msitu au tunalilinda tope?

Kila ishu ya kuweka lami barabara ya kutoka mji wa Muheza, Tanga, kupanda mpaka hifadhi ya msitu wa Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki ikiibuka, na inaibuka sana hasa uchaguzi ukianza kunukia, lazima atokee mtu aliyepanda kule wikiendi moja tu, ana picha ya kinyonga na picha ya buti zake zimejaa tope, anasema jamani msiweke lami mtaiua Amani. Watu wanampigia makofi. Wengi wanaopiga makofi wako Dar, wengine mbali zaidi ya hapo. Watu wa Kwamkoro na Bulwa, vijiji vya huko juu, huwasikii kwenye huo mjadala, labda bando limeisha, labda wako barabarani wanasukuma gari.

Simcheki huyo mtu. Hoja yake haina ujinga. Amani ndiyo hifadhi ya kwanza nchini kupewa hadhi ya mazingira asilia, mwaka 1997, na ni hekta 8,380 tu, yaani ukiiweka pembeni ya Serengeti ni kama shamba la mzee fulani. Inaanzia chini kabisa, kama mita 190 juu ya bahari, kwenye joto la minazi na machungwa, inapanda mpaka mita 1,130 ambako ikifika jioni unaulizia sweta. Kwenye hako kapande kamejaa vinyonga, vyura na mimea ambayo ukitoka hapo Usambara huikuti tena. Msitu wa hivyo ukiumegwa hauna pa kukimbilia, wanyama wake hawana mlima mwingine wa jirani wa kuhamia. Kwa hiyo mtu akikwambia lami italeta mwendo, mwendo utaleta mafuso, na mafuso yatashusha mbao usiku, hajatunga hadithi, sehemu nyingi ndivyo ilivyotokea. Miaka ya 2003 na 2004 watu walipohisi kuna dhahabu kwenye mito ya Usambara Mashariki waliingia na sululu na mabeseni kwenye barabara ileile mbovu, sasa wangekuwa na ya kuteleza je?

Halafu kuna hoja ya njia za miguu, na hii naipenda kwa sababu mimi ni mtembeaji. Mali ya Amani ni njia zake. Kuna ya kupanda kutoka Sigi, kule getini chini, mpaka Amani kwenyewe, inakutoa kijasho mita mia nne na zaidi kwenda juu, kuna ya kilima cha Mbomole ambako hali ya hewa ikiwa nzuri unaona milima inavyoshuka kuelekea bahari, kuna za Kwamkoro na Derema zenye mashamba ya chai upande mmoja na msitu upande wa pili. Tembo hamna, simba hamna, ukija unategemea tembo utarudi umenuna. Unatembea nyuma ya mtembeza wageni (neno lake la Kizungu, guide, ukilitohoa vibaya unampa mtu kesi ya ugaidi), mara anasimama, ananyoosha kijiti kwenye tawi ambalo wewe umeshalipita, unaangalia huoni kitu, unaangalia tena huoni, halafu jani linageuza jicho. Hicho kitu hakitaki haraka. Wanaopinga wanasema lami itamgeuza mgeni wa siku mbili kuwa wa masaa matatu, anapanda na Noah saa nne asubuhi, anapiga picha, saa nane mchana yuko Tanga anakula samaki, na vyumba vya wageni kule juu vinabaki vitupu. Hii ndiyo hoja ninayoiogopa kuliko zote na nitairudia huko chini.

Ila kuna kitu hawa wenzetu wanakikosea tangu mwanzo, wanadhani Amani ni pori ambalo barabara inataka kwenda kuliamsha. Amani haijalala tangu 1902! Mwaka huo Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani ya mimea, wakaleta miche kutoka kila kona ya dunia wakaipanda mlimani kuona ipi itaota. Wakajenga mpaka reli, ikachepuka kutoka reli kubwa pale Tengeni ikafika Sigi, na nyumba ya stesheni masta ndiyo hiyohiyo leo wageni wanapokelewa na kupewa maelezo. Reli haipo tena. Mtu anashuka kwenye gari pale Sigi, anavuta pumzi, anasema aisee hapa ni porini kwelikweli. Ndugu yangu, umesimama stesheni ya treni.

Na sasa tuulize, msitu huu umeumizwa na nini mpaka leo? Jeraha la kwanza ni mti. Kuna mti unaitwa Maesopsis, wa kutoka huko Uganda na Kagera ambako wanauita musizi, ulipandwa Amani enzi za ukoloni, baadaye ukapandwa tena kwa wingi kuziba mapengo ya miti iliyokatwa. Matunda yake hondohondo anayapenda vibaya sana, anakula huku, anaruka, anazidondosha mbegu kule, na mti ukaingia kwenye msitu wa asili ukajipa uraia. Hondohondo hahitaji lami. Jeraha la pili ni mbao, miaka ya sabini na themanini, magogo ya Usambara Mashariki yalishuka kulisha kiwanda cha mbao Tanga, na mradi huo ulikuwa na msaada wa Finland. Kelele zikapigwa, uvunaji mkubwa ukasimamishwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na anayekuja miaka ya tisini kutoa hela ya kuuhifadhi msitu huohuo ni nani? Finland. Siwasemi vibaya, angalau walirudi na kupanguza. Nachosema ni kwamba kote huko barabara ilikuwa ya vumbi na magogo yalishuka vizuri tu, kwa sababu kulikuwa na kibali na kulikuwa na mashine.

Kwa hiyo tope halijawahi kuwa mlinzi wa Amani. Mwenye hela ya kukata mti ana trekta, ana fuso yenye difu mbili, ana muda wa kusubiri kiangazi. Anayezuiwa na tope ni mtu mwingine kabisa.

Twende kwake basi. Amani inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mvua zikishika pale hazina adabu. Nilipanda Aprili moja kwenye gari la abiria kutoka Muheza, tumepita Sigi tukaanza zile kona, kona ya tatu kuna lori la majani mabichi ya chai limelala kwenye mtaro, halijapinduka, limeegama tu kama mtu anayesikiliza ukutani. Tukashuka wote. Mama mmoja mbele yangu alikuwa na gunia la iliki, akakaa juu yake akaanza kumenya chungwa, akaniambia iliki yake ni kavu, hata ikifika kesho hainuni, ila hao wa chai leo wameumia. Na kweli. Jani la chai likishachumwa linataka lifike kiwandani ndani ya masaa machache, likikaa limebanana kwenye gari linapata joto, linageuka jekundu kabla ya wakati wake, ubora unashuka na bei nayo inashuka. Mchumaji alilipwa kwa kilo au hakulipwa, hiyo ni habari nyingine, lakini kilo zile zilikuwa zinapikika mbele ya macho yetu ndani ya lori.

Tulikaa pale masaa mawili na kitu. Katikati ikapita bodaboda inashuka, dereva mbele, katikati mwanamke mjamzito amefungwa khanga ya pili tumboni, nyuma yake mama mtu mzima amemshika mabega. Hatukuambiwa kitu, ila wote tulisogea na vijana wawili wakaishika ile pikipiki wakaivusha kwenye tope kwa mikono, mmoja huku mmoja kule, kama wanabeba kitanda. Sijui ilifikaje Muheza. Toka siku hiyo mtu akinisifia "uasilia" wa ile barabara namuuliza tu kama amewahi kuishuka akiwa na uchungu.

Sasa nije kwenye kitu kinachonikaa sana kichwani, maji, ambayo wapinzani wa lami wanayataja haraka wakidhani ni hoja yao. Mto Zigi unaanzia milimani humo, unashuka mpaka bwawa la Mabayani lililojengwa 1978, na humo ndimo jiji la Tanga linanywa. Mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 ilikuja na hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa mazingira unaokusanywa kwa watu, ya shilingi bilioni 53.12, ya kwanza ya aina hiyo kwa taasisi ya namna yake nchini, ili kuboresha maji, maana yake watu wameweka hela yao ya akiba juu ya mto huo. Pia wakulima wa juu kwenye mto wana umoja wao, UWAMAKIZI, kazi yao ni kulinda kingo na vyanzo. Yote sawa, napongeza. Lakini simama darajani Sigi dakika ishirini baada ya mvua kubwa uangalie rangi inayoshuka. Sehemu ya ile chai ya maziwa unayoiona mtoni ni barabara! Barabara ya udongo kwenye mteremko mkali ni korongo linalosubiri, kila masika inakatika, kila kiangazi greda linakuja kukwangua na kulegeza udongo upya, masika yanarudi yanaubeba. Tunamwambia mkulima asilime karibu na mto, acha mita zake, panda miti, na anafanya, halafu pembeni yake tuna shamba letu refu la udongo, tunalilima kwa greda kila mwaka na hatupandi kitu. Lami yenye mitaro ya zege na kalvati za maana ingefunga hicho kidonda. Na lami isiyo na mitaro ingefanya mabaya zaidi kuliko udongo, maji yangeteleza juu yake yakapata spidi yakachimba pembeni, hili nalikubali kabisa na ndiyo maana nasema ugomvi wetu ungekuwa kwenye mitaro.

Halafu kuna vipepeo, nisivisahau. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa huko walikuwa wanafuga vipepeo, wanauza mabuu yaliyojifunga kwenda Ulaya na Marekani kwenye maonyesho, na ili ufuge unahitaji msitu uwepo, kwa hiyo mtu alikuwa analinda mti kwa sababu mti unamlipa. 2016 ikaja amri ya kusimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, sababu zake zilikuwa za twiga na nyani na magendo makubwa, kipepeo akafagiliwa humohumo. Ningependa wale wanaolia na lami wangelia hivyohivyo siku ile.

Narudi kwenye ile hoja ya mgeni wa masaa matatu. Ni kweli, barabara ikiwa nzuri wengine watakuja na kuondoka. Lakini tusidanganyane kwamba sasa hivi vyumba vimejaa. Mgeni mwenye siku nne Tanga anapiga hesabu, mapango ya Amboni yako pale karibu na mjini, magofu ya Tongoni na makaburi yake ni mwendo mfupi kusini, Pangani ipo, na Magoroto yenye ziwa na michikichi ya enzi za Mjerumani iko hapohapo juu ya Muheza. Amani inaachwa kwa sababu hana uhakika kama akipanda atashuka kwa wakati wa basi lake. Nimesikia waendesha wageni wakisema hivyo waziwazi, kwamba masika Amani wanaitoa kwenye ratiba. Ukipoteza mgeni mzima kwa kuogopa kupata nusu mgeni, hiyo hesabu siielewi. Ila pia sitaki ile lami iendelee mpaka kwenye njia za miguu, Mbomole ibaki ya kupandwa kwa miguu na atakayetaka kufika juu na gari aende Lushoto.

Na kuna yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, shoro wa Amani tumwite, wanasayansi wanamjua kwa jina la Artisornis moreaui, ukitoa Usambara Mashariki anapatikana tu Msumbiji kaskazini. Watu wanamfuata kutoka Uingereza na darubini zao. Anapenda wapi? Kwenye mizongamano ya mitambaazi, pembezoni mwa msitu, mara nyingi karibu na chai na nyumba za watu. Mkandarasi akija na katapila, kitu cha kwanza anachofyeka "kusafisha eneo" ni mizongamano ya pembeni ya barabara. Hapo mimi na wapinzani wa lami tuko upande mmoja na ningewaomba waache kupigania tope waje tupiganie hilo, barabara isipanuliwe kuliko ilivyo, atembee na mkandarasi mtu anayemjua huyo ndege kabla katapila halijawashwa, matuta yawekwe mengi mpaka madereva watukane.

Na geti la Sigi. Barabara kuu ya kupanda ni hiyo, geti lipo tayari. Malori usiku yasipite, wagonjwa na chai wapite saa yoyote, na anayeshika ufunguo abadilishwe mara kwa mara, kwa sababu mbao hazijawahi kushuka mlimani bila mtu kuziinulia boriti.