Usajili wa vyuo binafsi vya ufundi: mizani moja kwa sindano na waya wa umeme

Katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Tabora, ipo fremu ya duka yenye vyerehani vinane vya kukanyaga, meza ya kukatia ya mninga, na mama anayefundisha ushonaji kuanzia saa mbili asubuhi. Juu ya mlango kumeandikwa kwa rangi nyekundu neno "CHUO". Neno hilo ndilo linalomweka mama huyo upande mbaya wa sheria, kwa sababu fremu yake haijasajiliwa. Angewafundisha wasichana walewale, kwa vyerehani vilevile, bila kibao na bila stakabadhi ya ada, angeitwa fundi mwenye wanagenzi, na hakuna ambaye angemuuliza.

Msingi wa masharti ya usajili ni Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, ambayo ndiyo iliyoianzisha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo hayo. Kwa miaka mingi VETA yenyewe ndiyo iliyosajili vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya watu binafsi, huku nayo ikiwa na vyuo vyake. Kwa lugha ya uwanjani, mchezaji alishika pia filimbi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalihamishia jukumu hilo kwa baraza la taifa la elimu ya ufundi lililokuwa likiitwa NACTE, ambalo sasa ni NACTVET. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, na sijasikia hoja nzito ya kuipinga. Ubishi uliobaki ni wa masharti yenyewe: majengo, karakana, vifaa, mtaala na walimu wenye sifa.

Wanaoyatetea wana ushahidi ulio karibu sana nasi. Nimewahi kushika cheti cha kijana aliyesomea umeme wa majumbani katika chuo kimoja kisichosajiliwa. Kilikuwa na mapambo ya rangi ya dhahabu pembeni, muhuri wa duara na sahihi mbili, ila hakikuwa na namba yoyote ya usajili. Ada yake ilitoka kwenye fedha za tumbaku za baba yake, za msimu mzima. Kijana alipotaka kuomba leseni ya kufunga umeme, ambayo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ndipo alipobaini kwamba karatasi ile haimfikishi popote. Mzazi wa kijijini hana namna ya kupima karakana kwa macho, na mwanafunzi naye huja kujua kwamba hakufundishwa vizuri baada ya fedha na mwaka kwisha. Isitoshe, nyaya zikifungwa vibaya anayeunguliwa ni mwenye nyumba, ambaye hakuwahi hata kukiona hicho chuo.

Hata hivyo, masharti hayohayo yakipelekwa kwenye fremu ya Ng'ambo yanageuka kuwa kitu kingine. Mama yule hana cheti cha ualimu wa ufundi stadi, na kukifuata Morogoro, kwenye chuo kinachoandaa walimu hao, kungemlazimu kufunga kazi inayomlisha. Jengo si lake, kwa hiyo hata akipata fedha za kuongeza chumba hana pa kukiongeza. Mtu atasema wasichana hao waende VETA, ambako ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ni kweli kwamba ada hiyo ni nafuu, lakini nafasi hazitoshi, na msichana mwenye mtoto mchanga mgongoni, ambaye katika fremu ile huruhusiwa kumlaza chini ya meza ya kukatia, hana bweni linalomsubiri.

Ipo pia hoja ambayo watetezi wa usajili huipita haraka mno. Serikali yenyewe, kupitia mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi, huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti bila kujali walisomea chini ya paa gani. Ikiwa fundi wa gereji aliyejifunzia chini ya mwembe anaweza kupimwa mikono yake na kutambuliwa, kwa nini aliyejifunzia kwenye fremu azuiwe kwa sababu ya vipimo vya chumba? Jibu lipo, ingawa halimalizi swali: kupima mikono mwishoni hakurudishi ada iliyoliwa, wala hakumlindi anayejifunza kuchomelea bila miwani siku ya kwanza kabisa ya mafunzo.

Kwa maoni yangu, kosa ni kuzipima fani zote kwa mizani moja. Umeme, uchomeleaji na ufundi magari vinastahili ukaguzi mkali kabla mwanafunzi wa kwanza hajaandikishwa. Ushonaji, ususi na upishi vingeweza kusajiliwa kwa masharti mepesi: mwalimu aliyepimwa ujuzi wake, stakabadhi kwa kila malipo, na maandishi yanayosema wazi kama cheti kitatambuliwa au la. Najua ubaya wa pendekezo hili. Madaraja yakiwa mengi, mkaguzi hupata nafasi ya kuamua chuo kiingie daraja lipi, na hapo ndipo bahasha hutembea. Sharti moja kwa wote, hata likiwa gumu, angalau halina mahali pa kujadiliana.

Lipo lakini jambo lisilohitaji kubadili sheria. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa hutolewa mtandaoni, mahali ambapo mkulima wa Urambo au Sikonge hapiti. Ingebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, pamoja na fani ambazo kila chuo kimeruhusiwa kufundisha, na ibandikwe kabla ya masoko ya tumbaku kufunguliwa, wakati fedha ya ada bado haijaingia mfukoni mwa mtu.