Farasi Ana Koti, Mimi Nina Gunia

Watu wa Nairobi mvua ikinyesha mnalalamika. Nauli imepanda maradufu, stima zimepotea, nguo zimeanikwa tangu juzi na bado zinanuka. Poleni. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Njooni Karen mwezi wa Aprili mshike kazi ya usaisi, ndipo tutazungumza lugha moja.

Maana hata kujieleza ni taabu. Nikimwambia jirani yangu kule Kawangware kwamba natunza farasi na kuwafanyisha mazoezi, swali lake la kwanza ni, "Anatoa maziwa lita ngapi?" Hatoi. "Basi mnamchinja?" Hatumchinji. Anatikisa kichwa. "Sasa anafanya nini?" Bwana wee, anakula, anakunya, na mvua ikianza ananitafutia balaa. Hiyo ndiyo kazi yake, na ana daktari wake binafsi.

Huyu ninayemsema hasa ni farasi wa kahawia aliyehasiwa, zamani akishindana pale uwanja wa mbio wa Ngong Road. Masaisi tumembandika jina la Mheshimiwa kwa sababu anakula vizuri, hapendi kuguswa, na akiona kamera anainua kichwa. Uwanja ule upo tangu 1954, na farasi aliyelelewa pale hufundishwa jambo moja: ukimwona mwenzako mbele, mpite. Alipostaafu, madam akamnunua awe wa kupandwa na watoto polepole. Tukaanza kumfundisha upya, na wakati wa kiangazi aliiva kabisa. Mwendo wa kawaida, telki, shoti kidogo, simama. Mtoto wa darasa la nne anamwongoza kwa vidole viwili. Lakini mawingu yakikusanyika tu upande wa vilima vya Ngong, masomo yote yanafutika. Ule upepo wa mvua ukimpiga matakoni anakunja mgongo, mkia juu, masikio nyuma, na mimi niliye juu yake naanza kukumbuka sala za utotoni.

Mtaniambia, si mumwache bandani mpaka mvua ikatike? Ingekuwa gari, sawa. Gari usipoliendesha wiki nzima linanyamaza. Farasi ana kilo kama 500 na amekula nafaka asubuhi. Ukimfungia ataupiga mlango mateke, atatafuna mbao, na kusimama muda mrefu kunaweza kumletea tumbo. Na tumbo la farasi si la mchezo, kwa sababu yeye hawezi kutapika. Kilichoingia hakirudi kilikotoka. Kwa hiyo liwake jua, inyeshe mvua, lazima atembezwe. Na hajitembezi.

Juzi nikamtoa, manyunyu yanashuka, tukashika ile barabara ya murram nyuma ya banda. Mbele yetu dimbwi. Halifiki hata kwenye kifundo cha mguu wake. Mheshimiwa akasimama, akainamisha kichwa, akalinusa, akapuliza pua. Sasa niangalieni jambo hili kwa haki: maji yanamchuruzika kwenye singa, kope zinadondosha matone, tumbo lote chapachapa, na chini pale anaogopa kulowa miguu!

Mwalimu wetu anasema tusimlaumu. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa; anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na pale chini ya pua yake. Dimbwi halimwambii kina chake, na porini mnyama anayetumbukiza mguu asikokujua hupata anayemla. Usimpige, anasema mwalimu, usimvute. Legeza hatamu, mpe nafasi atazame, halafu mtangulize farasi mzee mtulivu. Farasi ni mnyama wa kundi. Akimwona mwenzake amevuka na hakufa, naye atavuka. Mafundisho mazuri sana. Tatizo ni kwamba mzee mtulivu siku hiyo alikuwa na kikohozi, amepewa ruhusa. Nani aliwahi kunipa mimi ruhusa ya kikohozi?

Basi nimelegeza hatamu, nampa nafasi atazame. Ndipo akatokea kijana wa boda boda.

Hapa nisimame kidogo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, masaisi tulishangilia kuliko watu wa mazingira, kwa sababu mfuko ukipeperushwa na upepo ulikuwa adui namba moja wa farasi. Tukadhani tumepona. Kumbe kulikuwa na mwavuli wa boda. Ule mkubwa, mwekundu na manjano, umefungwa mbele ya pikipiki hadi nyuma ya abiria, upande mmoja umechomoka unapiga pa! pa! pa! Jiwekeni mahali pa Mheshimiwa: mnyama asiye na kichwa, mwenye bawa moja, ananguruma, anakuja.

"Mzee, sogeza ng'ombe!" kijana akapiga kelele.

Mheshimiwa akavuka dimbwi. Akavuka na mtaro uliokuwa baada ya dimbwi, ambao hakuna aliyemwomba auvuke. Akatua ng'ambo, akageuka ghafla kushoto, na mimi nikaendelea moja kwa moja hadi kwenye ua wa michongoma. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mimi sikupanda, nilifikishwa kwa ndege.

Kijana akasimamisha pikipiki, akaja mbio, uso umejaa huruma. Nikasema moyoni, kumbe bado kuna utu mjini. Akachungulia juu ya kichwa changu.

"Buda, farasi hajaumia?"

Hata yeye!

Na huo ndio ugomvi wangu wote na hii mvua. Inanyesha juu yetu sote, lakini anayehesabiwa kulowa ni mmoja. Nimefika bandani namkokota Mheshimiwa, miiba iko mahali nisipoweza kupataja, simu inalia. Madam.

"Mvua imefika huko?"

"Imefika, madam."

"Mheshimiwa amelowa?"

"Kidogo."

"Maskini! Hebu mkaushe haraka. Na usimfunike lile blanketi la mvua kabla hajapoa, unasikia?"

Nimesikia. Nalijua hilo kuliko jina langu. Farasi aliyelowa na kutoka jasho hafunikwi turubai hapo hapo, maana unyevu utabaki ndani na baridi itamwingia. Kwanza unamkwangua maji kwa chuma, unamsugua kwa nyasi kavu, masikio unayafikicha kwa mkono mpaka yapate moto, unamtembeza hadi pumzi itulie. Ndipo unamvisha blanketi jepesi la kufyonza unyevu. Akikauka unalivua, unamvisha la usiku. La tatu ni hilo la mvua, lenye mikanda miwili chini ya tumbo na kipande cha kusitiri mkia. Mablanketi matatu! Nyumbani tuna moja, na anayelivuta kwa nguvu zaidi si mimi.

Koti langu la mvua ni gunia la lishe yake. Unalikunja pembe moja ndani ya nyingine, linakuwa kofia ndefu ya kushuka mgongoni. Linazuia maji vizuri, sisemi uongo. Ila kwa mbele ya paji langu pameandikwa kiwango cha protini, na punda akiniona hunifuata akitaka kula kichwa changu. Ndiyo, tuna punda pia. Kazi yake ni kumliwaza Mheshimiwa asijisikie mpweke.

Na msidhani daraja hizi zimekuja bure. Farasi wote wa mbio wa damu safi, dunia nzima, ukiwafuata upande wa baba unafika kwa madume matatu yaliyopelekwa Uingereza kati ya mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18. Majina yao yameandikwa vitabuni. Cheti cha Mheshimiwa kina baba, babu na bibi wa pande zote mbili. Mimi nikiuliza jina la babu wa babu yangu, wajomba wanaanza kugombania shamba.

Bado kuna matope. Udongo mweusi ukilowa huvuta kiatu cha farasi mpaka misumari inaachia, kisha unatumwa ukakitafute kwa mikono, maana fundi wa kwato akija kumwona ana miguu mitatu yenye viatu, anaanza kuhutubu. Kila jioni nainua mguu mmoja mmoja, nachokonoa kwato kwa kile kichuma kilichopinda. Katikati pana nyama laini yenye umbo la V, na pembeni yake vijifereji viwili ambamo matope hujificha na kuoza. Harufu ya kwato iliyooza, ndugu zangu, inavuka sabuni, inapanda matatu nawe, inashuka nawe. Kondakta mmoja aliwahi kunirudishia nauli.

Halafu mvua ikiisha, mnaanika nguo, mnashukuru. Sisi ndipo visubi vinapozaliwa. Ni vidogo kuliko mbu, vinauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, na ndivyo vinavyosambaza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Mapafu hujaa maji, na farasi anaweza kufa kabla daktari hajawasha gari. Chanjo ipo, na lazima ichomwe mapema. Pundamilia hukaa na virusi hivyo hivyo mwilini akila nyasi bila wasiwasi, ila huyu wetu mwenye cheti ndiye anayeanguka. Kwa hiyo kabla jua halijazama awe ndani, neti imeshushwa, dawa imepakwa. Anayebaki nje kufunga neti anaumwa na nani? Sijaulizwa.

Leo mchana madam ametuma ujumbe kwamba Mheshimiwa analetewa blanketi jipya la mvua, lenye shingo, kutoka ng'ambo. Nikaona hapa ndipo pa kusema. Nikamwandikia kwa heshima: madam, lile la zamani bado zima, mikanda tu imelegea, na mimi na mke wangu tunaweza kulitafutia kazi.

Akajibu baada ya muda. Amesema asante kwa kumkumbusha, lile nimvishe punda. Eti manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri kama ya farasi.

Na ni kweli hayazuii, daktari alishatueleza. Ndiyo maana nimekosa pa kukatia rufaa. Nimekaa hapa nalipunguza mikanda imtoshe.