Hukumu ya kifo: jaji wa Moshi na majaji wa Arusha

Watu waliohukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu ilipoketi Moshi mwaka 2011 walifikisha malalamiko yao Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 28 Novemba 2019 majaji waliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunadhalilisha utu. Tanzania ilipewa mwaka mmoja kuondoa ulazima huo. Mwaka ukapita, sheria ikabaki vilevile.

Anayetetea kitanzi asibezwe. Mjane anayekaa kwenye benchi la mahakama, kanga begani, akisikiliza daktari akieleza majeraha ya mumewe moja baada ya jingine, ana haki ya kuuliza kwa nini muuaji aendelee kulishwa kwa kodi yake. Ukimjibu kwamba kunyonga hakupunguzi uhalifu hujamjibu, maana yeye anadai damu ya mumewe. Tatizo ni kwamba sheria hii haimpi hata hicho anachodai: hakuna aliyenyongwa nchini tangu miaka ya 1990, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hayuko tayari kuidhinisha. Mjane hurudi nyumbani na maneno matupu, na mfungwa huishi miaka mingi akisikilizia mlango wa seli. Mahakama ya Rufani yenyewe ilikiri mwaka 1995 kwamba adhabu hii ni ya kikatili, ila ikaona Katiba inairuhusu.

Binafsi kinachonisumbua zaidi ni kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Jaji akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, hana tena cha kupima, isipokuwa mbele yake yupo mjamzito au mtu aliyetenda kosa akiwa hajafikisha miaka 18. Jambazi aliyevizia abiria usiku na kijana aliyemkata nduguye kwa panga kwa sababu ya masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyong'olewa kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, iwapo wote watapatikana na hatia hiyo, watasomewa sentensi ileile. Hata kikao cha ukoo huko Marangu huuliza kwanza ugomvi ulianzaje.

Kwa hiyo ningeanza na ulazima, na mjadala wa kufuta adhabu yenyewe uendelee. Uganda iliuondoa mwaka 2009, Kenya mwaka 2017. Jaji wa Nairobi sasa husikiliza maelezo ya mshtakiwa, na ya familia ya marehemu pia, kabla ya kutaja adhabu. Mwenzake wa Moshi, hata akiyasikiliza yote, adhabu ilishaandikwa.